Tangazo Lililotoka bila Hodi

Jumanne saa nne asubuhi, Mzee Katana wa Mtopanga alitangazwa kwamba amekufa. Hakuwa amekufa. Alikuwa kitandani hospitalini, akimlalamikia muuguzi kwamba uji hauna sukari.

Tangazo lilifika katika nyumba arobaini na mbili kwa wakati mmoja. Lilitoka kwenye simu ya Dorcas, mke wa mwanawe. Dorcas mwenyewe hakujua kwamba limetoka. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa chini ya kitanda cha mgonjwa.

Ilipofika saa tano, wanawake kumi walikuwa wameshatua mizigo ya kuni uani kwa Mzee. Saa sita turubai lilikuwa limesimama. Huko Miritini, Nguma, mume wa Dorcas, alikuwa juu ya lori akipakua magunia. Aliusoma ujumbe, gunia likamponyoka na kumwangukia kidole cha mguu. Hakusikia maumivu. Alishuka akaanza kutembea.

Dorcas alikuwa katibu wa kikundi cha kuzikana. Kikundi hicho kina sheria moja ambayo hakuna anayeivunja. Mtu akifa, tangazo litoke ndani ya saa moja. Likishatoka, kila mwanamke hubeba mzigo wa kuni na ndoo ya maji. Wanaume huleta turubai na viti. Hakuna kuulizana maswali. Mfiwa naye hukaa jamvini, hapiki, hashiki simu, hafanyi kazi yoyote. Analia tu. Wenzake ndio mikono yake.

Zamani katibu alipita nyumba kwa nyumba. Kisha ukatibu ukamfikia Jacktone, fundi wa redio. Jacktone akakitafutia kikundi msaidizi wa akili mnemba. Ni programu ya simu. Unaiambia jambo kwa mdomo, inaandika, inajibu, inafanya kazi uliyoituma. Ukiiambia, "Kesho mkutano saa kumi kwa Sarah," ujumbe unafika nyumba zote kabla hujakunja mkeka. Jacktone alipohamia Kisumu, alimwekea Dorcas msaidizi huyo kwenye simu yake. Alimwachia maneno machache.

"Iko sawa, mama. Wewe ongea tu."

Dorcas akawa anaongea tu. Aliishia darasa la sita, lakini mjinga hakuwa. Alikuwa na kanuni yake: kitu kikifanya kazi, usikichokonoe. Mwaka mzima hakufungua ile sehemu ya mipangilio, ambayo wengi huiita setingi. Hakujua ndani yake kuna nini.

Jambo alilolijua vizuri ni uji wa baba mkwe wake. Mzee Katana alikuwa mshonaji wa makuti. Macho yalikuwa yameanza kuchoka, lakini vidole bado vilijua njia. Kila asubuhi alikaa chini ya upenu wa mabati akishona, na kila asubuhi Dorcas alimletea bakuli la uji. Mzee alimwita, "Mama." Dorcas alijibu, "Abee, Baba." Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka kumi na mitatu.

Mwezi wa mvua, Mzee alishikwa na kifua. Jumatatu akapelekwa hospitalini, hajitambui. Daktari alimwita Dorcas pembeni.

"Ni mzee, na mapafu yamejaa," alisema. "Tunafanya tunaloweza. Lakini nyinyi jiandaeni."

Dorcas alikesha kwenye benchi. Kulipokucha alikuwa na wazo moja tu kichwani. Baba akifa, yeye atakuwa mfiwa. Atakaa jamvini. Atakayemtangaza ni mtu mwingine, tena kwa haraka, kwa maneno mawili matatu makavu. Wazo hilo lilimuuma. Akatoa simu, akasema na msaidizi polepole. Akamwambia aandike tangazo la msiba wa Mzee Katana kwa kikundi, kama yale mengine. Akamwambia na mambo ya kutia ndani. Alitaka liwepo tu, limetulia, mpaka siku yake.

Kabla hajalisoma, muuguzi alimwita mbio. Akatupa simu mkobani akaingia. Mzee alikuwa amefumbua macho.

"Mama," alisema Mzee. "Mbona uji wa hapa hauna sukari?"

Dorcas alilia kwa furaha. Na wakati akilia, msaidizi alikuwa ameshaandika na ameshatuma. Alifanya kama alivyofanya na matangazo yote yaliyotangulia.

Nguma alifika hospitalini saa saba, vumbi la unga mwili mzima, anachechemea.

"Mwili uko wapi?" alimuuliza muuguzi mlangoni.

"Mwili wa nani?"

"Wa Katana. Baba yangu."

Muuguzi alinyoosha kidole. "Mwili ule pale, unadai sukari."

Machozi yalimtiririka Nguma. Mzee akamwona.

"Mbona walia wewe? Umefukuzwa kazi?"

Nguma alitoa simu akasoma kwa sauti. "'Kikundi kinasikitika kuwatangazia kifo cha Mzee Katana, kilichotokea leo...'"

"Inatosha," alisema Mzee.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa.

"Nani kaandika?" aliuliza Mzee.

Dorcas alipiga magoti sakafuni. "Mimi, Baba. Lakini sikutuma. Wallahi sikutuma."

"Sikuuliza nani katuma."

Mzee akajifunika shuka, akageukia ukutani.

Sarah, mwenyekiti wa kikundi, alipita nyumba moja moja kuwaambia watu warudi. Wengine walicheka. Wengine walitema mate chini na kuondoka kimya, kwa sababu kumtangaza mtu aliye hai ni mkosi. Tsuma, mdogo wake Mzee, alikuwa ameshafika kutoka Kaloleni na watu kumi na sita na beberu mmoja. Beberu alikuwa tayari yuko sufuriani.

Siku ya pili Tsuma alikwenda kumwona ndugu yake. "Mbuzi wako ameshaliwa," alimwambia. "Ukifa kweli, tutakula mchicha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alicheka na Tsuma, alicheka na Nguma. Dorcas alipomletea uji kutoka nyumbani, aliacha kucheka.

"Weka hapo," alisema. Hakusema mama.

Uji ukapoa. Dorcas akarudi nao. Kesho yake ikawa vilevile. Mzee alipata nguvu, akaruhusiwa Ijumaa, akarudi chini ya upenu wake. Alikula muhogo alioletewa na Nguma na mkate wa dukani. Bakuli la Dorcas lilikaa kando mpaka nzi wakalizoea.

"Zungumza naye," Dorcas alimwambia mumewe.

"Nimezungumza. Anasema mtu akikuandikia kifo, basi moyoni ameshakuzika."

Jumamosi Dorcas aliamua kumaliza shari. Alishika simu, akaifuta ile programu ya msaidizi. Alama yake ikatoweka kwenye kioo. Akapumua.

Jumanne iliyofuata, saa moja asubuhi, simu arobaini na mbili zililia tena. "Leo ni siku ya saba ya msiba wa Mzee Katana. Akina mama mkumbuke ndoo za maji." Wanawake watano ambao hawakuwa wamezipata habari vizuri walifika na ndoo vichwani. Walimkuta marehemu mlangoni, anapiga mswaki.

Mzee alizitazama ndoo. Akamtazama Dorcas. "Mara ya pili," alisema, akaingia ndani.

Alhamisi alasiri, jirani yao Asmaa alikuja na bakuli la supu. Asmaa alifanya kazi katika ofisi ya mizigo Changamwe. Ofisi yao ilitumia wasaidizi wa aina hiyo kuandika barua na kufuatilia makontena, na aliyekuwa akiwaangalia ni yeye. Alimkuta Dorcas uani, ameishika simu juu ya ndoo ya maji.

"Waifundisha kuogelea?" aliuliza Asmaa.

"Naizamisha. Nimeifuta hii mashine Jumamosi, Jumanne ikatuma tena. Ni jini."

"Si jini. Jini angekuwa na haya. Hebu nipe." Aliichukua simu akaifuta kwa kanga yake. Kisha akageuka upenuni. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee, mikono ikiendelea na kuti.

Asmaa alitandika mkeka, akakaa, akamvuta Dorcas kando yake.

"Sikiza. Ulichofuta ni mlango wako wa kuingilia tu. Yeye yuko kulekule na kazi zake. Wewe ndiye uliyejifungia nje."

"Kulekule wapi?"

"Msaidizi peke yake ni maneno matupu. Hana mkono wa kutuma ujumbe, wala jicho la kusoma daftari lenu la wanachama. Ili aweze, anaunganishwa na zana. Kila zana ina seva yake. Seva ni kompyuta iliyo mbali, iko macho siku zote, inangoja kuambiwa."

"Sijaelewa."

Asmaa alifikiri. "Kwenu zamani, kabla ya simu, msiba ulitangazwa vipi?"

Dorcas alitoka Voi, hakujua desturi za huku. Aliyejibu ni Mzee, bila kuinua kichwa.

"Palikuwa na mpiga baragumu. Ulimwendea kwake. Lakini hapigi hivihivi. Anakuuliza kwanza: nani kafa? Umemwona kwa macho yako? Nani kakutuma? Ukijibu sawa, ndiyo anapiga."

"Ahsante, Baba," alisema Asmaa. "Basi ni hivyo hivyo. Msaidizi ni mjumbe. Seva ni nyumba ya mpiga baragumu. Jacktone alikwenda pale akamwambia: mjumbe huyu akija, piga tu, usimwulize kitu."

"Mpumbavu," alisema Mzee.

"Hapana, Baba. Alikuwa na haraka. Kwa matangazo ya mikutano haikudhuru, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kurudi kumwambia tofauti."

Asmaa aliirudisha programu simuni. Dorcas akaingiza neno la siri la kikundi, na msaidizi akatokea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dorcas akanyoosha kidole kubonyeza.

"Usiguse," alisema Asmaa. "Kwanza tunasoma. Leta daftari na kalamu."

"Ya nini tena?"

"Tunaandika vilivyo sasa kabla hatujabadilisha. Tukiharibu, tunajua pa kurudi. Ofisini nilijifunza hilo kwa machozi."

Alifungua mipangilio, akashuka mpaka mahali palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba ni zana zilizounganishwa. Akamsomea Dorcas kwa Kiswahili. Zilikuwa nne.

"Ya kwanza. Daftari la wanachama. Inaweza kusoma, inaweza kuandika, inaweza kufuta majina. Wewe unahitaji nini hapo?"

"Kusoma. Na kuongeza mtu mpya."

"Kufuta?"

"Majina hatufuti. Hata aliyekufa tunamwacha, tunaweka alama."

"Basi uwezo wa kufuta tunauzima. Andika. Ya pili, kalenda. Inasoma tarehe za mikutano. Haina neno, iache. Ya tatu..." Asmaa alisita, kisha akacheka. "Ya tatu ni barua pepe za Jacktone."

"Barua zake? Mimi sijawahi kuzisoma."

"Wewe hujazisoma, lakini msaidizi anaweza. Aliiunganisha alipokuwa katibu, akahama bila kuitenganisha."

Asmaa alimpigia Jacktone palepale. "Jacktone, shemeji yangu, barua zako zinasomeka Mtopanga."

"Ati nini? Wueh. Zima hiyo kitu, dada, kabla mke wangu hajasikia."

Dorcas alitaka kupiga picha ya kioo amtumie Jacktone aone mwenyewe. Asmaa aliufunika ule mstari mrefu wa herufi na namba kwa kidole.

"Huu ni ufunguo wa seva. Anayeupata anaingia. Haupigwi picha, hautumwi kwa mtu, hata kama ni ndugu." Akaiondoa ile zana ya tatu kabisa. Ilibaki ya nne.

"Hii ndiyo ya kutuma ujumbe," alisema Asmaa. "Ona hapa. Kuna machaguo matatu: tuma bila kuuliza, uliza kwanza, usitume kamwe. Alama iko wapi?"

Dorcas aliitazama. Ingawa hakujua Kiingereza cha kutosha, alama aliiona. "Kwenye lile la kwanza."

"Na hapa chini ni kumbukumbu ya kazi ilizofanya." Asmaa alipandisha sauti kidogo, isikike upenuni. "Jumanne ile, saa nne. Tangazo limetumwa. Ruhusa: bila kuuliza. Aliyeweka ruhusa: Jacktone, mwaka jana. Hakuna mtu aliyebonyeza."

Mikono ya Mzee ilisimama juu ya kuti. Kisha ikaendelea.

"Na zile ndoo?" aliuliza Dorcas.

"Seva hii ilipangiwa kila tangazo la msiba lifuatwe na ukumbusho wa siku ya saba. Iko kwenye seva, haiko simuni. Ndiyo maana kufuta programu hakukusaidia." Asmaa alishuka zaidi. "Na kuna nyingine bado inangoja."

"Ya nini?"

"Arobaini."

"Arobaini yangu?" aliuliza Mzee.

"Ndiyo, Baba."

"Futa hiyo."

Asmaa aliifuta. Kisha akampa Dorcas simu. "Sasa wewe. Ruhusa ya kutuma, iweke kwenye kuuliza kwanza. Jambo moja, halafu tunaangalia. Tusibadilishe mengi kwa pamoja, likiharibika hatutajua ni lipi."

Dorcas aliihamisha alama kwa kidole. Ilikwenda bila taabu.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Hata mtoto wa mtaani kwetu haingii nyumba ya watu bila kupiga hodi. Sasa na huyu atapiga."

Dorcas aliinamisha kichwa. Ni hiyo tu. Alifikiria yale mabakuli.

Hapo Mzee aliweka kuti chini.

"Kutuma nimeelewa," alisema. Kwa mara ya kwanza alikuwa akimtazama Dorcas. "Sasa kuandika. Nilikuwa bado napumua. Kwa nini uliandika?"

Asmaa alitaka kuinuka awaache. Mzee akamwashiria akae.

Dorcas alijibu akitazama mkeka. "Niliogopa, Baba. Ungekufa, ningekaa jamvini. Angekutangaza mtu mwingine. Angesema mzee fulani kafa, leteni kuni, basi. Nilitaka usemwe na mtu anayekujua."

"Lisome."

"Baba..."

"Pale hospitalini nilisikia mstari mmoja. Lisome lote."

Dorcas alilitafuta. Alisoma polepole, kama alivyofundishwa shule, neno baada ya neno.

"'Kikundi kinasikitika kuwatangazia kifo cha Mzee Katana, kilichotokea leo. Alikuwa mshonaji wa makuti. Wageni wengi wamelala chini ya kazi ya mikono yake, na nyumba yake mwenyewe ni ya mabati. Mke wa mwanawe alipokuja hapa hakujua kukuna nazi. Mzee ndiye aliyemfundisha, na hakumcheka. Alipenda uji wa vijiko vinne vya sukari. Anayeandika haya alikuja kwake akiwa yatima. Kwa miaka kumi na mitatu hakuwa yatima.'"

Asmaa alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Sarah alikuwa amesema siku ile kwamba watu walililia tangazo kabla ya kumlilia mtu. Sasa Asmaa alijua kwa nini.

Mzee alichukua ukindu, akauzungusha kidoleni, akaufungua tena.

"Limekosewa," alisema mwishowe.

"Wapi, Baba?"

"Sukari. Natia vijiko vitatu."

"Vitatu unavitia wewe. Cha nne nakitia mimi ukigeuka. Bila hicho huumalizi."

Mzee aliweka ukindu chini.

"Ndiyo maana ule wa hospitali haukunyweka," alisema. Kisha akasogea kwenye mkeka. "Hebu, mama. Nionyeshe hiyo hodi."

Dorcas alijibu. "Abee, Baba."

Walijaribu kwanza kwa kujitumia wenyewe, kama alivyotaka Asmaa. Dorcas alimwambia msaidizi atume salamu kwenye simu ya Asmaa. Kioo kiliuliza: nitume? Ndiyo au hapana. Dorcas akabonyeza ndiyo, simu ya Asmaa ikalia mkobani. Kisha wakaandika tangazo la kweli kwa kikundi kizima. Mzee mwenyewe ndiye aliyetaja maneno. "Mzee Katana yu hai. Amesikia mliyoyasema juu yake. Kuni zenu njooni mchukue."

Kioo kiliuliza: nitume kwa nyumba arobaini na mbili?

"Nibonyeze mimi," alisema Mzee. Alisogeza kidole chake kikavu, chenye mikwaruzo ya makuti, akabonyeza hapana.

"Baba, si hapo."

"Najua. Nataka kwanza nione ikikatazwa inatii."

Walingoja. Simu ya Asmaa haikulia. Nyumba ya jirani haikulia. Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. "Haya. Niulize tena."

Mara ya pili alibonyeza ndiyo. Majibu yalimiminika. Sarah aliandika kwamba kuni zikae, asije mtu kumdai marehemu. Tsuma aliandika kutoka Kaloleni: anataka beberu wake.

Jumapili kikundi kilikutana. Wengine walitaka mashine itupwe. Dorcas alisimama mbele yao na daftari lake, akawaonyesha zana zilizobaki, kila moja inafanya nini na nani ameiruhusu. Akasema kosa lilikuwa lake pia, kwa kukaa mwaka mzima na kitu asichokifungua. Walikubaliana. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, katibu na mwenyekiti watafungua orodha ya zana na kuisoma pamoja. Zana isiyo na kazi itaondolewa. Chochote kinachokwenda kwa watu kitauliza kwanza. Na katibu akiondoka, hatakabidhi simu na chaja peke yake. Atakabidhi orodha, na ufunguo utabadilishwa.

Tangu hapo zimetoka taarifa kumi na moja za mikutano na msiba mmoja wa kweli, wa jirani wa mtaa wa pili. Kila moja iliuliza. Mara mbili Dorcas alijibu hapana, kwa sababu msaidizi alikuwa amekosea saa. Lile tangazo la Mzee liko kwenye daftari, kwa mwandiko wa mkono, limekunjwa. Mzee ndiye aliyetaka lihifadhiwe. Sukari imebaki vijiko vinne.

Kuifungua ile orodha, kuisoma na kuirekebisha, kulichukua dakika arobaini, pamoja na simu ya Kisumu. Kutoifungua mwaka mzima kulichukua hivi: beberu mmoja. Kilo ishirini za mchele. Mizigo thelathini na mmoja ya kuni. Watu kumi na saba waliotoka Kaloleni bure. Kidole kimoja cha mguu wa Nguma, ambacho mpaka leo hakikunjiki. Siku tisa bila kuitwa mama. Na mabakuli tisa ya uji, yaliyorudi jikoni yamejaa.